Akibisha hodi usiku, usianze na suluhu

Hotuba kwa wenyeviti wa mitaa na vijiji, mabalozi wa nyumba kumi, viongozi wa dini, makungwi na viongozi wa VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa

Ndugu wenyeviti, waheshimiwa mabalozi, mashehe na wachungaji mlioacha shughuli zenu, mama zetu makungwi, na ninyi viongozi wa VICOBA: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Tumewaita ninyi, hatukuwaita mawakili wala madaktari, kwa sababu mama aliyepigwa saa sita usiku haendi kwanza kwa wakili. Anakwenda kwa jirani. Anakwenda kwa balozi, kwa mke wa mchungaji, kwa mweka hazina wa kikoba chake, au anambeba mtoto mgongoni na kutembea hadi kwa shangazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 40 walishapata ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Mlango wako utabishwa, kama bado haujabishwa.

Neno letu ni moja. Usiku ule kazi yako ni usalama na matibabu. Suluhu siyo kazi ya usiku ule, na mara nyingi siyo kazi yako kabisa.

Tunajua neno hili ni zito kwa wazee waliokulia katika kupatanisha. Lakini tazameni kinachotokea. Mama anafika, midomo imevimba. Mzee anamwita mume, anawakalisha wote wawili sebuleni, anauliza "kulikoni?" Mama atasemaje mbele ya aliyempiga nusu saa iliyopita, na akijua kwamba baadaye watarudi wote kulala chumba kimoja? Atasema ni mambo madogo. Mume ataomba radhi, ataapa, mzee atatoa nasaha, wataondoka pamoja. Kipigo kinachofuata huwa na sababu mpya: "Ulikwenda kunianika kwa watu." Na safari hiyo hatabisha hodi tena, kwa sababu ameshajifunza mlango wako unaelekea wapi.

Wapo wanaosema mume ana haki ya kumrudi mkewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, ililijibu hilo zaidi ya miaka hamsini iliyopita: hata kama mila inasema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu kinamlinda mke, na kinamlinda mume pia. Wapo wanaume wanaopigwa, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linawapokea. Kumjeruhi mtu ni jinai kwa Kanuni ya Adhabu, awe mkeo au mpita njia. Ni kweli sheria inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika mashauri madogo ya shambulio la kawaida. Lakini mwenye kupima kama shauri ni dogo ni hakimu, akiwa na taarifa ya daktari mezani. Balozi hawezi kulipima kwa taa ya simu.

Sasa tuingie ndani ya ile saa ya kwanza.

Mfungulie, mwingize, funga mlango. Mpe maji na kanga ya kujifunika. Kaa naye peke yake, bila mume, bila mama mkwe, bila watoto wakubwa wanaosikia. Maneno ya kwanza yawe machache: "Pole. Nakuamini. Hili siyo kosa lako. Tuone kwanza kama umeumia." Usiulize "ulimfanya nini?" Swali hilo hata likiulizwa kwa upole linamwambia kwamba ipo sababu inayohalalisha. Usimlazimishe kusimulia yote. Atasimulia polisi, atasimulia kwa daktari, huenda na mahakamani, na kila kurudia ni kuumia upya. Wewe unahitaji kujua mambo machache tu: ameumia wapi, watoto wako wapi, mume yuko wapi sasa hivi, ana silaha gani, na kama alimkaba.

Hilo la mwisho tunaomba tulikalie kidogo, maana ndilo linaloua watu wakidhaniwa wazima.

Wanawake wengi hawasemi "alinikaba." Wanasema, "Alinishika tu shingoni." Wengine: "alinibana ukutani," "alinikalia kifuani," "alinifunika na mto." Ukisikia hilo "tu," simama hapo hapo. Uliza: Uliweza kupumua? Macho yaliingia giza? Ulizimia, hata kidogo? Ulijikojolea? Kujikojolea maana yake ni kwamba ubongo ulikosa hewa kiasi cha mwili kulegea, na mama ataona haya kukwambia usipomuuliza kwa upole. Sikiliza sauti yake: inakwaruza? Mpe maji, tazama kama anameza kwa shida. Angalia weupe wa macho na sehemu ya ndani ya kope: kuna vidoa vyekundu kama ncha za sindano? Kumbukeni kwamba mara nyingi shingoni hakuonekani alama yoyote, na kwenye ngozi nyeusi ndiyo kabisa. Uvimbe wa ndani unaweza kuziba koo saa kadhaa baadaye. Mshipa wa shingo unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, na mtu akapata kiharusi baada ya siku kadhaa, wakati majirani wameshasahau ugomvi ule. Kwa hiyo aliyekabwa anakwenda hospitali usiku huo huo hata kama anaongea na kutembea, na mnapofika mwambieni muuguzi neno hili hili, "amekabwa," msiseme "amepigwa" mkaishia hapo. Kama ana mimba, harakisheni zaidi.

Halafu kuna jambo la pili kuhusu kukabwa. Mwanaume aliyewahi kumkaba mwenzi wake yuko katika kundi lenye hatari kubwa zaidi ya kuja kuua. Watafiti wa vifo vya majumbani wamelikuta hilo tena na tena, pamoja na dalili nyingine hizi: ametishia kuua, ameshika panga au bunduki, anapiga akijua mke ana mimba, anamfuatilia kila aendako, kipigo kinazidi mwezi hadi mwezi, na mke ametangaza kwamba anaondoka. Dalili ya mwisho inawashangaza wengi. Wakati wa kuondoka, na wiki zinazofuata, ndio wakati wa hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu mwenye kutawala anaona anapoteza. Ndiyo maana hatumwambii mtu "ondoka leo" bila mpango, na ndiyo maana hatutaki umfuate mume usiku huo kumkanya. Ukimkanya, umemjulisha mke alipo.

Twende hospitali na polisi.

Utaratibu uliozoeleka ni kupita polisi kwanza kuchukua PF3, ile fomu ambayo polisi wanaijaza sehemu yao, daktari anaandika majeraha aliyoyaona, kisha inarudi polisi na kuwa ushahidi. Fomu hii haiuzwi. Mtu asilipie hata shilingi mia. Lakini aliyekabwa, anayevuja damu, aliyebakwa, mjamzito, au aliyepigwa kichwani aende kutibiwa kwanza, PF3 itafuata. Dharura haingoji karatasi. Ukikutana na mapokezi yanayosema "rudi polisi," muombe kwa adabu muuguzi wa zamu au mganga mfawidhi, ueleze kwamba ni dharura. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, mahali pamoja penye mhudumu wa afya, askari wa dawati na afisa ustawi wa jamii, ili mtu asizungushwe. Ulizeni wiki hii hii kama hospitali yenu ya wilaya au mkoa inacho, na kama kinafanya kazi usiku au mchana tu. Msije mkaligundua hilo saa nane usiku mmesimama mbele ya kufuli.

Kama kumekuwa na kubakwa au kulawitiwa, saa zinahesabika. Dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Saa mbili ni bora kuliko saa ishirini. Zinanywewa siku 28 bila kuruka. Hapa ndipo wengi wanapokwama: kichefuchefu kinawashinda wiki ya kwanza, au wanaogopa kuonekana na kopo la vidonge. Mwambieni aulize dawa ya kutuliza kichefuchefu, avitumie baada ya chakula, na kopo alitunze kwa mtu anayemwamini. Dawa ya kuzuia mimba, ambayo mtaani tunaiita P2, inafaa mapema iwezekanavyo, na mwisho wake ni saa 120. Kuna pia dawa za magonjwa ya zinaa, na chanjo za pepopunda na homa ya ini. Kupima VVU kunarudiwa wiki ya 6 na mwezi wa 3.

Tuseme ukweli unaouma. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana haimtambui mume kuwa mbakaji ikiwa bado anaishi na mkewe. Inamtambua pale tu walipokwisha kutengana. Sisi tunaona hilo ni pengo linalopaswa kuzibwa. Lakini dawa haziulizi cheti cha ndoa. Mke aliyelazimishwa na mumewe ana haki ya matibabu yote haya, na majeraha aliyopata ni shambulio kama shambulio jingine.

Ushahidi unapotea jikoni na bafuni, na wanaoupoteza mara nyingi ni watu wenye huruma. Mama wa nyumbani kwako anachemsha maji, anamwogesha mgonjwa, anamfulia nguo. Mwambieni asubiri. Kwa aliyebakwa, asioge, asipige mswaki, asibadilishe nguo mpaka apimwe. Akilazimika kubadilisha, kila nguo iingie kwenye bahasha yake ya kaki au gazeti. Msitumie mfuko wa plastiki: unyevu unabaki ndani, ukungu unaota, na kilichokuwa ushahidi kinaoza. Kwa aliyepigwa, piga picha tatu za kila jeraha, kwa ruhusa yake: moja ya mbali inayoonyesha sura na mwili, moja ya karibu kidogo, na moja ya karibu kabisa ukiwa umeweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa uonekane. Kwenye ngozi yetu fleshi inafuta alama. Mkalishe dirishani mwanga uje kwa upande. Piga tena siku ya pili na ya tatu, maana jeraha la damu kuvilia huonekana wazi zaidi baadaye. Picha zisikae kwenye simu yake kama mume huwa anaipekua, na zisiingie hata kwa bahati mbaya kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Picha ya mama aliyepigwa ikizunguka mtaani, umempiga mara ya pili.

Polisi, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Kama kituo kidogo hakina dawati, taarifa itapokelewa kaunta, lakini ombeni askari wa kike na mahali pa faragha. Msiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu katika kitabu cha polisi. Iandikeni pamoja na jina la askari aliyepokea na namba yake ya simu, na baadaye jina la mpelelezi, halafu namba ya kesi ikifika mahakamani. Pigeni fotokopi ya PF3 kabla haijarudi, mkaitunze kwa mtu mwingine. Tunasisitiza hivi kwa sababu mashauri haya hayafi kwa kukosa ukweli. Yanakufa kwa vitu vidogo: fomu imepotea, daktari amehamishwa na hakuna anayekumbuka jina lake, shahidi amebadilisha laini, mlalamikaji amekosa nauli siku ya kusikilizwa. Na yanakufa zaidi pale ukoo unapokuja na mbuzi na kumwambia mama "tumeyamaliza, kafute kesi." Akiwa hana chakula cha watoto, atakwenda kufuta. Usimlaumu. Uliza nani alimpa unga wiki hiyo.

Jambo jingine msilolitegemea: mume akikamatwa, msidhani atakaa ndani. Shambulio ni kosa lenye dhamana, na anaweza kutoka ndani ya saa 24. Wanawake wengi wanajua kwamba ametoka pale wanapomwona mlangoni. Muombeni askari wa dawati awapigie kabla hajaachiwa, na mpigieni ninyi pia asubuhi na jioni kuulizia. Mpango wa mahali pa kulala uwe wa usiku wa pili na wa tatu. Usiishie usiku wa kwanza.

Tanzania Bara hadi sasa hatuna sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani yenye amri ya ulinzi inayotolewa haraka, kama wenzetu wa Kenya walivyopata kwa sheria yao ya mwaka 2015. Tunachotumia ni vipande: Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Ndoa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Katika Sheria ya Ndoa kuna kipande ambacho hakitumiki inavyostahili. Mara shauri la ndoa linapofunguliwa, mahakama inaweza kumwamuru mwenzi aache kumsumbua mwenzake na kumlazimisha kuwa naye. Mwambieni msaidizi wa kisheria aliombe hilo mapema, siku ya kufungua shauri.

Sasa yule ambaye haondoki. Wengi hawaondoki, au wanaondoka na kurudi zaidi ya mara moja. Wana sababu: watoto wa shule, kodi, mahari, imani, na kuogopa yale tuliyoyasema ya hatari ya kuondoka. Ukimkasirikia umemwachia mume ushindi, kwa sababu sasa amebaki naye peke yake. Msaidie kujipanga.

Mfuko mdogo, utunzwe nje ya nyumba, kwa jirani au kwa mweka hazina wa kikoba. Ndani yake: kitambulisho cha NIDA au nakala, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kadi za kliniki, kadi ya bima, nakala ya hati ya nyumba au kiwanja, ufunguo wa akiba, nguo moja moja na sare za shule. Kama yeye au mtoto anatumia ARV au dawa ya presha, vidonge vya wiki mbili. Nauli iwe taslimu, noti ndogo ndogo. Nyaraka zichukuliwe moja moja kwa wiki kadhaa. Kabati likiwa tupu ghafla, siri imetoka. Cheti kikibaki ndani si mwisho wa dunia, RITA, wakala wa serikali wa usajili, inatoa nakala. Hakuna cheti cha kurudi kukifuata peke yako. Wakilazimika kurudi, waende na askari au mtendaji, mchana.

Simu. Hapa tunaona makosa mengi, na ni mapya kwa wazee wengi, kwa hiyo tuende taratibu. Laini ya mama mara nyingi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Maana yake mume anaweza kwenda dukani, akairudisha laini kwenye kadi mpya, na ndani ya dakika chache simu ya mkewe ikawa bubu, namba na pesa zote ziko mkononi mwake. Mama apige *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Kama yake haimo, asajili nyingine kwa jina lake, akiba na mchango wa kikoba vipite huko. Abadilishe namba ya siri ya pesa, asitumie mwaka wa kuzaliwa mtoto. Kwenye WhatsApp afungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Akikuta kompyuta au simu asiyoijua, ujue mume anasoma kila neno. Lakini asikiondoe pale pale kama bado wanaishi pamoja, kwa sababu mume ataona kimekatika. Kwanza atumie simu ya mtu mwingine kupanga, akishakuwa salama ndipo akikate. Vivyo hivyo na kushirikisha mahali alipo kwenye ramani.

Na akubaliane na jirani ishara. Kanga ya rangi fulani kwenye kamba, au ujumbe wa "una kitunguu?" unaomaanisha "piga polisi." Watoto wafundishwe kutoka na kukimbilia nyumba gani, na wasiingie katikati kuamua. Wajue pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure. Namba ya polisi ya dharura ni 112.

Kuhusu watoto tuna neno fupi. Mtoto anayeona mama yake akipigwa ameshaingia kwenye kesi hata kama hakuguswa. Akianza kukojoa kitandani akiwa na miaka 8, au akiacha kuongea darasani, mpelekeni kwa afisa ustawi. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa, kwa hiyo hamfanyi umbea. Binti wa kazi naye ni mtoto wa mtu; mara nyingi ndiye anayepigwa na baba na mama.

Turudi kwenye ndoa, maana hapa ndipo vitisho vingi vinapotumika. "Nililipa mahari, watoto ni wangu." Sheria inasema ndoa haibatiliki kwa kutolipwa mahari, na mahakama inaangalia maslahi ya mtoto, kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 inaanza na dhana kwamba ni vyema akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. "Wewe hatukufunga ndoa, huna chako." Wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakiwajua kama mume na mke, sheria inadhania ni ndoa, na hata dhana hiyo ikipinduliwa mahakama bado inaweza kutoa amri ya matunzo na ya mgawanyo wa mali. "Nyumba nitaiuza kesho." Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mke anaweza kuweka zuio kwa msajili wa ardhi. Ninyi wenyeviti ndio mnaopelekewa mikataba ya kuuziana ili mshuhudie. Kabla hujagonga muhuri, uliza mke yuko wapi, na usiridhike na jibu la "amesafiri." "Hukuchangia kitu, ulikuwa unapika tu." Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa.

Akitaka talaka, sheria inamtaka kwanza apite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la dini yake, mpaka baraza litoe hati kwamba limeshindwa kupatanisha. Hati hiyo isizidi miezi 6 siku anapofungua shauri. Wengi wanaikalia kabatini, inaisha muda, wanaanza upya. Ndoa isiyotimiza miaka 2 inahitaji kibali cha mahakama kabla ya kuomba talaka. Lakini kutengana kwa amri ya mahakama hakudai hati ya baraza, na mahakama inaweza kumsamehe mtu asipite barazani ikiona kuna mazingira ya pekee yanayofanya jambo hilo lisiwezekane. Aliye hatarini aambiwe haya. Na ninyi mliomo kwenye mabaraza: waiteni kwa saa tofauti, msikilizeni kila mmoja peke yake, mwacheni mke atangulie kuondoka nusu saa kabla ya mume, na palipo na silaha au kukabwa msiahirishe mara tatu mkitafuta amani. Toeni hati.

Msaada wa kisheria ni bure kwa asiye na uwezo, kwa sheria ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria wako karibu kila wilaya, na ukiuliza ofisi ya ustawi wa jamii utaelekezwa. Dar es Salaam na mikoa kadhaa mnaweza kuyapata mashirika ya haki na msaada wa kisheria kama WLAC, TAWLA, LHRC na WiLDAF. Nyumba salama ni chache, na anwani zake hazitangazwi. Njia ya kuingia ni afisa ustawi au dawati. Zikijaa, afisa ustawi anaweza kutafuta familia ya watu wa kuaminika. Ukimpeleka mtu, dereva wa bodaboda amshushe barabarani, asijue mlango.

Limebaki la fedha. VICOBA wengi mna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa. Tunaomba mwongeze mstari mmoja kwenye katiba yenu: dharura ya usalama wa mwanachama, itolewe usiku huo huo kwa sahihi za viongozi wawili, bila kujadiliwa kwenye kikao na bila jina kuandikwa kwenye daftari la wazi, namba ya uanachama inatosha. Kiasi kiwe nauli ya watu wawili kwenda na kurudi hospitali ya wilaya, na chakula cha siku tatu. Kisiwe mkopo. Na kila balozi awe na kisanduku: bahasha za kaki tano, kanga mbili, glavu, kalamu, daftari, vocha, na karatasi ngumu yenye namba za dawati, za afisa ustawi wa kata, za kituo cha afya chenye zamu ya usiku, na za madereva wawili wasio na maneno mengi.

Karatasi hizo ziko hapo mlangoni, zimechapwa, nafasi za namba ziko wazi. Askari wa dawati na maafisa ustawi wa kata zenu wamekaa safu ya nyuma. Kabla ya chai, kila mmoja amfuate wa kwake, aandike namba, na aibipu pale pale mbele yake aone kama inaita.